Msasa wa Kitanda cha Bi Shuwea

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, hapa Michenzani, ameifanya upya meza yake ya kujipambia. Aliitoa nje kwenye ujia, akaipiga msasa asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaanza kuipaka vanishi. Harufu ikateremka ngazi mpaka jikoni kwangu nilikokuwa nakuna nazi. Nikaiacha mbuzi palepale nikapanda juu, na wala sikuitwa.

Nilimuuliza ametumia msasa gani. Akanionyesha kipande kimoja tu, namba themanini, wa kukwaruzia kutu za geti. Nikamwambia baada ya huo alitakiwa kupitisha wa kati, kisha laini, ndipo afungue kopo. Akacheka, akasema vanishi itafunika. Basi hapo hasira zikanipanda, hasira ambazo meza yake haikuzistahiki, nikamwambia vanishi haifuniki kitu, vanishi inaanika. Nikateremka zangu bila ya kuaga.

Mume wangu anasema nina ukali wa bure kwa vitu vya watu. Ana haki. Lakini nilipokaa tena juu ya mbuzi nilijua kuwa hasira zile hazikuwa kwa ajili ya meza. Harufu ya vanishi mbichi hunirudisha kwenye chumba kimoja na juma moja la utoto wangu, na kila nikirudi huko huogopa upya, utadhani sijui mwisho wake.

Baba yangu alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa chini ya nyumba tuliyokaa, Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho jua huchungulia adhuhuri kisha likenda zake. Sisi tulikaa juu, yeye akishinda chini. Harufu ya msaji uliopigwa randa ilipanda ngazi mpaka kwenye vyandarua vyetu. Watu walimwita Fundi Makame. Alitengeneza makabati, milango na masanduku kama mafundi wengine, ila jina lake lilitokana na ulaini wa kazi yake. Walisema mbao iliyopita mikononi mwa Makame unaweza kumlaza mtoto mchanga juu yake bila ya kutandika kitu.

Misasa yake ilikaa ndani ya bati kuukuu la biskuti, imekatwa vipande na kuchanganyika. Mafundi wengine hugeuza karatasi wakatazama namba iliyoandikwa nyuma. Baba hakutazama. Alifumba macho, akapitisha ncha za vidole juu ya mbao kufuata nyuzi zake, midomo ikicheza kidogo kama anayevuta uradi, halafu mkono wa pili ukaingia batini na kutoka na kipande kinachotakiwa. Kwanza msasa mkali, wa kuondoa alama za randa. Kisha wa kati, wa kuondoa mikwaruzo ya ule mkali. Kisha laini, wa kuondoa mikwaruzo ya wa kati. Alikuwa akisema kila msasa huja kufuta makosa ya mwenzake, na ukiruka mmoja, makosa yake yanabaki na hayana wa kuyafuta.

Kitanda cha Bi Shuwea kiliingia karakanani Ramadhani inamalizika. Kilikuja kwa vipande, mabegani mwa wachukuzi: samadari ya msaji, miguu ya kukereza, ubao wa kichwani umechongwa maua yaliyobebana toka pembe hii mpaka ile. Vanishi ya zamani ilikuwa imeganda juu yake mpaka imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Bi Shuwea mwenyewe alikifuata nyuma, taratibu. Alikuwa bibi mrefu, mkavu, wa mtaa wa pili, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wanyamaze ili wamsikie. Alitaka kitanda kitolewe weusi ule wote na kipakwe upya, maana mjukuu wake alikuwa anaolewa Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, naye ndiye atakayekilalia. Yeye Bi Shuwea alizaliwa juu ya kitanda hicho, akazaa juu yake, na mumewe akafia hapohapo. Akasema hayo yote kwa utulivu, kama anayetaja vyumba vya nyumba.

Kisha akataja sharti lake, ingawa mji mzima ulikuwa ukilijua. Kazi ikimalizika, angevua ukaya wake wa hariri aliojitanda kichwani, auburure juu ya mbao toka kichwani mpaka miguuni. Ukipita, alhamdulillahi. Ukikwama hata uzi mmoja, angechukua kitanda chake, na akiulizwa sababu angeisema. Fundi mmoja hapo mjini aliwahi kukwamisha ukaya wa Bi Shuwea kwenye mlango wa kabati, na tokea siku hiyo, watu walisema, anatengeneza matundu ya kuku.

Baba alicheka akamwambia aje na ukaya mpya. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nikaona kwamba wakati anacheka alikuwa ameficha mikono yake nyuma.

Umri wangu wakati huo ulikuwa wa kufunga nusu siku na kujigamba kuwa nimefunga kutwa. Kijana aliyekuwa akimsaidia baba alikuwa ameshakwenda Paje kutafuta kazi kwenye mahoteli, na nafasi yake haikuwa imepata mtu. Sikushangaa, basi, baba aliponiita nikitoka chuoni, kusoma Kurani.

"Rukia."

"Naam, baba."

"Njoo upitishe mkono hapa. Nambie."

Nilipitisha. Alikuwa ameshakwaruza vanishi ya zamani kwa kigae cha kioo na kupiga msasa wa kwanza kwenye mguu mmoja wa kitanda. Nikamwambia panakwaruza. Akauliza panakwaruza vipi, kama nini. Nikafikiri, nikasema kama ulimi wa paka. Akatia mkono batini akachukua kipande, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakigeuza na kutazama nyuma yake. Kisha akaanza kusugua.

Hapo ndipo nilipokosea kumsoma baba yangu, na sidhani mtoto aliyelelewa kwingine angekosea vile. Chuoni kwetu Maalim alikuwa na msahafu mzima kifuani. Ukisoma mbele yake alifumba macho, na ukikosea aligonga fimbo sakafuni. Alikuwa akiuliza kitu anachokijua. Kazi yako haikuwa kumjulisha, kazi yako ilikuwa kutokukosea. Na kila mtoto mwenye akili alikuwa na ujanja uleule: ukishuku neno, unaburuta sauti huku ukimtazama Maalim usoni, ukiona nyusi zinasogea, unageuza. Baba naye alikuwa ameshikilia mbao, amefumba macho, ananiuliza. Nikadhani najua maswali hayo yanatoka wapi. Nikaona ananisomesha msasa kama ninavyosomeshwa juzuu, na jibu analo.

Basi nikaacha kuisikiliza mbao, nikawa namsoma yeye. Aliponiuliza nilipitisha mkono haraka, halafu nikamtazama uso. Akiwa amekunja paji, nilisema bado. Akiwa amechoka, jasho limemshuka na adhana ya magharibi imekaribia, nilisema pameshakuwa laini, kwa sababu uso wake ulikuwa ukiomba jibu hilo. Alisema vizuri. Nami nilipanda juu kufuturu nikiwa nimefurahi, nimepasi.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na hofu ndani yake. Baba alikuwa amebadilika. Alikuwa mtu wa masihara, sasa alikaa kimya. Nikichelewa chuoni nilimkuta amesimama mlangoni, mikono mitupu, kazi haijasogea tokea nilipoondoka. Kuna siku nilimuona ameshika msasa mkali kwa mkono mmoja na laini kwa mkono mwingine, anausugua mmoja kwa dole gumba, kisha wa pili, kisha anarudi kwenye wa kwanza. Aliponiona akaitupa yote batini akaniuliza mbona natembea kimyakimya kama mwizi.

Siku za Idi zikaja zikapita. Sisi watoto tulivaa nguo mpya, ila baba alirudi karakanani siku ya pili tu. Alikuwa anafanya ubao wa kichwani, kwenye yale maua, ambako kibao cha msasa hakiingii. Pale ilibidi ukunje karatasi pembe kama sambusa uitie kwenye kila jani kwa kidole. Nilikaa mbele yake nikamuona anasugua, na nyuma ya kidole chake mbao ikaanza kuwa nyekundu. Nilidhani ni rangi ya msaji. Kisha ikateleza ikafika ukingoni ikadondoka.

"Baba, unatoka damu."

Aliinua mkono akautazama kama mkono wa mtu aliyesimama nyuma yake. Kijiti kirefu kilikuwa kimeingia chini ya ukucha na kimekaa humo, sijui tokea saa ngapi. Mimi kijiti cha nusu yake kingeniliza nisikike mpaka Bububu. Baba alikivuta kwa meno, akakitema, akafunga kidole kwa kitambaa. Uso wake haukuwa na maumivu. Ulikuwa na woga, na mimi sikuwahi kuona woga kwenye uso ule, kwa hivyo sikuutambua. Nilidhani amekasirika kwa sababu damu imetia doa kitanda cha watu. Akanambia nisimwambie mama. Nikaapa.

Mama naye hakuwa mjinga. Alikuwa akiniuliza baba yangu amekula nini huko chini, amekunywa maji mara ngapi, mbona kandambili yake moja imekatika na hakujua mpaka amefika juu. Nilimjibu sijui. Nilikuwa na kiapo shingoni, na kila nilipomdanganya mama nilijisikia vibaya, kisha nikamchukia kidogo kwa kuniuliza.

Siku ya kufungua kopo la vanishi ikafika. Kawaida siku hiyo ilikuwa ya raha kwangu. Mbao iliyopigwa msasa huwa na rangi ya vumbi, imefifia, lakini brashi ikipita mara moja tu, msaji huamka na nyuzi zake zote zinaonekana. Baba alianza na miguu, ikaamka vizuri. Akaja ubao wa kichwani. Alipaka toka pembe ya kushoto kuelekea kulia, polepole, nami nilikuwa nyuma yake nimeshika kopo.

Katikati ya ubao ikatokea mistari. Kwanza nilidhani ni nywele za brashi. Ilikuwa mikwaruzo, mingi, ya mduara, imelala juu ya yale maua kama mtu aliyeyapangusa kwa mchanga. Msasa wa kwanza ulikuwa umeacha alama zake na hakuna uliokuja kuzifuta. Wakati mbao ni kavu hazikuonekana kwenye kile chumba cha giza, ila vanishi ilizichukua zote ikazitia weusi ndani. Baba aliendelea kupaka kwa muda, labda akitaraji zitakwisha mbele. Hazikwisha. Zilianzia pale nilipokuwa nimesema laini jioni moja baada ya Idi, na zilikwenda mpaka pembeni.

Aliweka brashi juu ya kopo. Nilingoja kofi, ijapokuwa baba hakuwahi kunipiga.

"Hapa," aliniuliza, "ulipopitisha mkono, ulisikia nini?"

Nililitazama kopo. Akauliza tena, kwa upole zaidi, na hiyo ndiyo iliyonivunja.

"Sikusikia kitu. Nlikutazama wewe."

"Unanitazama mimi kwa nini?"

"Si wewe unajua, baba. Mimi nlikuwa nasema kama unavyotaka."

Alikaa chini, juu ya kipande cha gogo, akawa anaitazama mikono yake iliyolala magotini. Nje mtu alipita akatoa salamu, baba hakuijibu. Kisha akasema, na hakuwa akinitazama, kwamba yeye hajui. Vidole vyake vimekufa ganzi tokea kabla ya Ramadhani, kwanza ncha, sasa mpaka kwenye pingili. Msasa mkali na msasa laini kwake ni karatasi moja. Mbao na kioo ni kitu kimoja. Alikuwa akiniita kwa sababu hana vidole vingine.

"Mimi sikupi mtihani, mwanangu," alisema. "Nnakuuliza kwa kuwa sijui."

Sijui kama naweza kueleza nilivyoogopa. Mtoto huweza kustahamili baba mkali. Baba asiyejua ni jambo jingine. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba Maalim, miaka yote ile aliyofumba macho, alikuwa hasikii. Nilitaka kukimbilia juu kwa mama, na nilipogeuka nikamkuta amesimama kwenye ngazi na sinia ya chai mikononi. Alikuwa ameyasikia yote.

Mama hakupiga kelele. Aliweka sinia, akaja akachukua mkono wa baba, akamfinya ncha ya kidole kwa kucha zake, kwa nguvu, huku akimtazama machoni. Baba hakupepesa. Mama akafinya kingine. Mwisho akauachia mkono ule na kusema kesho asubuhi wanakwenda hospitali. Baba akasema kitanda kitoke kwanza. Mama akasema kitanda hakina miguu ya kwenda kokote. Baba akasema ana jina, na jina lake liko juu ya ubao huu, likianguka hapa hakuna dawa ya kuliinua.

"Mficha maradhi," mama alianza. Hakuumalizia msemo wenyewe, maana mwisho wake ni kifo, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Akapanda juu. Chai ikapoa.

Bi Shuwea alikuwa aje Alkhamisi baada ya alasiri, na Ijumaa wanawake walikuwa wakitandike kitanda cha biharusi. Muda uliobaki ulitosha kuutoa mpako ule mmoja wa vanishi na kupaka mwengine, lakini haukutosha kukosea mara ya pili. Ilipokauka, baba alilimwaga bati la misasa lote juu ya mkeka akanikalisha mbele yake. Akanieleza hatari iliyopo. Tukirudi na msasa mkali kupita kiasi, mikwaruzo itatoka lakini na kingo za maua zitaliwa, na maua yale hakuna aliye hai wa kuyachonga tena. Tukienda na laini, tutasugua mpaka Jumamosi na mikwaruzo itabaki chini inang'aa. Ni lazima tupate ule ulio katikati, na ubovu wa mbao haukuwa sawa kila mahali, kwa hivyo kila ua lilitaka kuulizwa peke yake.

"Usinitazame," alisema. "Fumba macho."

Nilifumba. Mwanzo nilisikia moyo wangu tu. Kisha vidole vikaanza kukuta vitu: hapa pamekwaruza kwa kwenda lakini kwa kurudi hapakwaruzi, hapa pana vumbi la vanishi, hapa pana kijishimo. Nilimwambia kila nilichokisikia, hata nilichoona hakina maana. Alichagua kwa maneno yangu, nami nilivipitisha vile vipande kwenye kiganja kwanza nikamwambia kama ni ukali anaoutaka. Mara moja nilisema pameshakuwa laini. Akauliza ni laini, au nimechoka. Nikapitisha tena. Nikasema nimechoka.

Tulikwenda hivyo, yeye akisugua na mimi nikimwongoza, mpaka ncha za vidole vyangu zikawa zinachoma na ikabidi nivitie kwenye bakuli la maji. Yeye hakuchomwa na kitu. Mama alikuwa akiteremka, anatazama, anaweka chakula, anaondoka. Siku ya mwisho aliteremka na tambara safi akapangusa vumbi lote mwenyewe, na baba alipopaka vanishi sote watatu tulikuwa tumesimama tunangoja katikati ya ubao. Brashi ikapita. Maua yakaamka, moja baada ya moja, safi. Mama akatoa pumzi. Baba akaendelea kupaka mpaka pembeni.

Bi Shuwea aliingia na wachukuzi wawili, akawaacha nje. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila ya kututazama. Alizunguka kitanda mara moja. Kisha akavua ukaya, akabaki na mtandio wa ndani, akaushika ule ukaya kwa vidole viwili na kuuacha ulale juu ya mbao kwa uzito wake tu. Akaanza kuuvuta.

Ulipita miguuni. Ulipita mbavuni. Ulipanda ubao wa kichwani, ukaingia kwenye maua ukatoka, ukaingia ukatoka, hariri inateleza na sauti ndogo. Nilikuwa nimeshika nguo ya mama nyuma. Karibu na pembe ya kulia ukaya ukasimama.

Bi Shuwea akaunyanyua. Uzi mmoja ulikuwa umevutika.

"Hapa, fundi," akasema. "Chini ya ua. Weka kidole."

Baba alisogea, akainama, akapeleka kidole chini ya ua. Akakisogeza kidogo, kama fundi anayesikiliza. "Naam, Bi," alisema. "Nshakiona. Ni punje ya vumbi tu."

Kidole chake kilikuwa chini ya ua jingine. Mimi niliona. Mama aliona. Bi Shuwea alikitazama kile kidole na kile kitambaa kichafu kilichofungwa kwenye kidole cha pili, akautazama uso wa baba, kisha akanigeukia mimi. Nilijua kwamba sasa atachukua kitanda chake, na akiulizwa sababu ataisema.

"Mtoto," aliniambia. "Lete msasa wako."

Nikachukua ule laini kabisa, nikauchovya majini kama nilivyofundishwa, nikapapata mahali penyewe kwa macho yaliyofumba. Ilikuwa punje, kweli, ndogo kuliko chembe ya sukari. Nikaisugua kidogo, nikapitisha mkono, nikasugua tena. Nikampisha. Akaburura ukaya, ukapita.

Akajitanda taratibu, akaupanga mabegani, kama vile hakuna jambo. Halafu akazungumza na baba kwa ile sauti ya chini.

"Marehemu mume wangu alikuwa na sukari. Ilianzia vidoleni. Alificha, na mimi nkamsaidia kuficha. Ikamalizia miguuni, na kitanda hiki ndicho nlichomuuguzia." Alisimama kidogo. "Nikiulizwa, ntasema ukaya umepita. Lakini kesho nikisikia hujenda hospitali, Makame, ntawaambia wote kwamba umekwama."

Baba aliinamisha kichwa akasema naam. Mama akageukia ukutani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, sijui kwa kicheko au kilio. Kesho yake walikwenda, na ilikuwa sukari kama alivyosema. Dawa zilimbakishia baba miguu yake na miaka mingi ya kuitumia, ila vidole havikurudi.

Wachukuzi waliitwa wakaingia. Waliubeba ubao wa kichwani kwanza, wakiuinamisha ili upite mlangoni, na ulipofika kichochoroni jua likaupiga, maua yote yakang'aa na watu wakasimama kuutazama. Baba alitoka akasimama kizingitini akiusindikiza kwa macho. Nikasimama ubavuni kwake. Nilikuwa nayafikiria yale maneno, kwamba ilimalizia miguuni, na nilikuwa nimeogopa kuliko siku zote zile. Akaunyoosha mkono bila ya kunitazama, akauweka shavuni kwangu, akapitisha vidole vyake toka chini ya jicho mpaka kidevuni, polepole, kama alivyokuwa akipitisha kwenye mbao.

"Umefurahi leo, mama," alisema.

Sikuutazama uso wake.

"Nnalia, baba," nikamwambia.

Akauondoa mkono, akautazama ulivyolowa. Kisha akaurudisha palepale.